Sifuri Iliyo Hai

Mjukuu wangu ni fundi wa vipimo katika kiwanda cha sukari. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwaambia majirani kwamba kijana "anashughulika na umeme", nao wakaridhika, kwani neno umeme latosha kuzima maswali mengi. Mimi mwenyewe sikuridhika. Nimefundisha fizikia tangu mwaka 1974, kwanza shuleni, halafu katika chuo cha ualimu ambacho baadaye nilikuwa mkuu wake, na haikunipendeza hata kidogo kwamba mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda anafanya kazi nisiyoweza kuieleza. Basi msimu wa kusaga miwa ulipokwisha na kiwanda kikasimamishwa kwa matengenezo, nilimwomba anipeleke nikaone.

Alianza kwa kunionyesha boila. Ilikuwa baridi, kimya, kubwa kama nyumba ya ghorofa. Wakati wa msimu tanuri yake hulishwa makapi ya miwa usiku na mchana, na mvuke wake ndio unaozungusha vinu na majenereta, kisha huenda kuchemsha maji ya miwa. Juu kabisa limelazwa pipa nene la chuma ambalo mafundi huliita dramu. Maji yaliyomo humo hayatakiwi kupungua wala kuzidi. Yakizidi, hubebwa na mvuke na kwenda kuharibu mapanga ya mashine zinazozungushwa nao. Yakipungua sana, mabomba yaliyo motoni hubaki makavu, chuma hulainika, mabomba hupasuka. Na watu wamekufa kwa ajali za namna hiyo katika nchi nyingi. Kipo kioo cha kuchungulia kina cha maji, lakini kiko juu kule kwenye joto, na mwendeshaji ameketi chumba kingine mbali, mbele ya skrini. Swali langu lilikuwa hili: habari za maji ya kule juu humfikiaje yule aliyeketi?

Pembeni mwa dramu pamefungwa kichwa cha chuma, ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Hicho mafundi hukiita transimita, yaani kipeleka habari. Ndani yake mna utando mwembamba wa chuma. Upande mmoja wa utando husukumwa na uzito wa maji ya dramu, upande wa pili na uzito wa safu nyingine ya maji ambayo urefu wake haubadiliki, na utando hupinda kidogo mno kufuata tofauti ya kani hizo mbili. Kutoka kwenye kile kichwa zinatoka nyaya mbili tu, nyembamba, za kawaida. Nilimwuliza nyaya nyingine ziko wapi, zile za kuleta umeme wa kukiendesha chombo chenyewe. Akacheka.

"Babu, hakuna nyingine. Twende karakana."

Juu ya meza ya karakana alinipangia saketi ambayo ningeweza kuwachorea wanachuo wangu ubaoni: chanzo cha umeme wa volti 24 wa mkondo mnyoofu, transimita, kikinzani cha omu 250, na mita, vyote vimefuatana katika njia moja inayotoka na kurudi. Kwa kuwa umeme hutoka ukazunguka na kurejea ulikotoka, njia hiyo huitwa kitanzi. Jina halipendezi masikioni, lakini sikupata lililo bora zaidi. Alichomeka mpira mwembamba kwenye tundu la transimita, akanipa ncha ya pili.

"Puliza, Babu."

Mita ilikuwa ikisoma miliampea 4.00. Nikapuliza, ikapanda: 6, 8, 9. Nikavuta pumzi, nikapuliza tena mpaka macho yakanitoka, ikafika 12. Vijana wawili wa karakana walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama mzee akipuliza mpira kama mtoto, na sikuwajali.

"Kumi na mbili ni nusu," mjukuu alisema. "Tumeipima transimita hii ili 4 iwe chini kabisa na 20 iwe juu kabisa. Kati yake mna hatua 16. Kwa hiyo 8 ni robo, 12 nusu, 16 robo tatu."

Mwalimu hastaafu. Nilimtaka anieleze kwa nini wanapeleka habari kwa mkondo na si kwa volti, na alijibu vizuri kuliko wanachuo wengi niliowahi kuwatahini. Fikiri bomba refu la maji lisilovuja. Presha, au kanieneo kama tulivyofundisha darasani, hupungua kadiri unavyokwenda mbali na pampu. Lakini lita zinazoingia kwa dakika moja ndizo lita zinazotoka. Haziwezi kupotea njiani, kwani hakuna tundu. Volti ni kama ile presha: ikiwa anayeipokea anavuta mkondo, sehemu yake huliwa na ukinzani wa waya, na ikiwa havuti mkondo wowote wa maana, basi nyaya zake huokota makelele ya kila mota inayozunguka jirani. Mkondo ni kama zile lita. Katika njia moja isiyo na matawi, mkondo ni uleule mwanzo, katikati na mwisho, waya uwe wa mita 10 au kilomita moja.

Na transimita haisukumi kitu. Pampu ni kile chanzo cha volti 24. Transimita ni koki tu, koki yenye akili, inayojifungua na kujifunga ili kupitisha miliampea zile hasa zinazolingana na kina cha maji. Waya ukirefuka na ukinzani ukiongezeka, koki hujifungua zaidi kidogo na mkondo hubaki palepale. Tulifanya hesabu nyuma ya karatasi ya maombi ya vipuri. Mkondo ukiwa miliampea 20, kikinzani cha omu 250 huchukua volti 5. Tuseme transimita yenyewe inahitaji volti 12 ili iweze kufanya kazi. Zinabaki volti 7 za kuliwa na nyaya, yaani ukinzani wa omu 350. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 17 au 18 kwa kilomita. Kwenda na kurudi kilomita moja ni kama omu 35. Kumbe nyaya za kiwanda kizima haziwezi kumaliza hata robo ya akiba ile. Kule mwisho, kikinzani kile cha omu 250 hugeuza miliampea 4 kuwa volti 1 na miliampea 20 kuwa volti 5, na kompyuta husoma hapo.

Hesabu hiyo ilinifurahisha, nakiri, lakini nilikuwa na swali la kitoto zaidi. Kwa nini waanzie 4? Mwalimu yeyote wa hesabu angeanzia sifuri. Dramu tupu iwe sifuri, dramu iliyojaa iwe 20, na hesabu zingekuwa rahisi.

Mjukuu hakujibu. Alichukua bisibisi, akalegeza skrubu moja, akaung'oa waya. Mita ikaanguka mpaka 0.00.

"Sasa, Babu, maji yapo au hayapo?"

Nilitazama mita. Nilitaka kusema hayapo. Kisha nikaona kwamba siwezi kusema hivyo, wala siwezi kusema yapo.

"Sijui," nikamwambia.

"Ndiyo hiyo. Ingekuwa sifuri ndiyo tupu, ungesema maji yamekwisha, na mtambo ungefungulia maji mpaka dramu ifurike. Au chukua presha ya mvuke: waya umekatika, mtambo unaona presha sifuri, unaongeza moto juu ya boila ambayo tayari imeshiba. Lakini kwetu 4 ndiyo maana yake tupu. Hiyo ni transimita inasema, 'Nipo, nimetazama, sikuona kitu.' Sifuri maana yake hakuna anayesema."

Waingereza, waliotunga vitabu vyetu vya fundi umeme, huiita ile 4 sifuri iliyo hai. Nayo ina kazi ya pili: zile miliampea 4 zisizokatika ndizo zinazoilisha transimita yenyewe. Ndiyo maana nyaya mbili zinatosha. Mjumbe anakula katika ujumbe anaoubeba, na hata anapokuwa hana la kuripoti, posho yake haikatwi. Nilipokuwa mkuu wa chuo ningependa sana kuwaonyesha wahasibu fulani mpango huo.

Si wazo la jana. Kabla ya umeme kushika kazi hii, viwanda vilipeleka habari kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya vijibomba vyembamba, kuanzia pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba, nayo haikuanzia sifuri kwa sababu ileile. Na msomaji apendaye hesabu ataona kwamba 3 kwa 15 ni uwiano uleule wa 4 kwa 20. Vilikuwapo pia vyombo vya miliampea 10 hadi 50. Katika miaka ya 1970 hiyo 4 hadi 20 ikawa kipimo rasmi kule Marekani, na leo utaikuta karibu kila kiwanda duniani. Siku hizi wameongeza juu yake mawimbi madogo yanayobeba tarakimu, ili fundi aweze kuihoji transimita kutoka mbali bila kuusumbua mkondo wenyewe. Hayo nayaacha kwa vijana.

Mjukuu alirudisha waya, mita ikarudi 4.00, akaenda kumsaidia mwenzake. Mimi nilibaki kwenye kile kiti cha karakana, na niliyekuwa nikimwaza si transimita.

Mwaka 1992 nilikuwa mkuu wa chuo. Kila mwaka tuliwatawanya wanachuo wa mwaka wa pili katika shule za msingi za wilaya kwa mazoezi ya kufundisha, majuma sita. Gari la chuo lilikuwa moja na mafuta yalikuwa ya kuomba, kwa hiyo wakufunzi waliwatembelea walio karibu na barabara, na wa mbali tuliwaachia kalamu. Siku ya kuwaaga niliwaambia maneno ambayo nilikuwa nayasema kila mwaka: "Ukipata tatizo, niandikie." Na kwa kuwa nilipenda utaratibu, nilitoa agizo kwamba barua zote za kuja chuoni zipitie kwa mwalimu mkuu wa shule, azigonge muhuri.

Binti mmoja tulimpeleka shule iliyokuwa ng'ambo ya mto. Hakuandika juma la kwanza, wala la pili, wala la tatu. Nami nilikwisha kusoma mahali kwamba kwa Waingereza kukosa habari ndiyo habari njema, nikaona neno hilo lina busara. Nilikuwa na wengine walioniandikia kurasa nne nne kuhusu godoro na taa ya mafuta. Yeye aliyenyamaza nilimhesabu kuwa ametulia. Majuma sita yalipokwisha hakurudi. Ikaja taarifa kutoka kwa mwalimu mkuu yule, yenye muhuri, kwamba mwanachuo alitoroka kituo katika juma la tatu. Nikaita kikao cha nidhamu. Barua ya kumfuta chuo niliisaini mwenyewe.

Miaka minne baadaye nilimkuta sokoni, anauza khanga na vitenge. Aliniona kwanza yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimwitikia, nikamtambua, na kwa ukali wa kizamani nikamwuliza kwa nini alitoroka. Alimaliza kwanza kumkunjia mteja khanga yake. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mwalimu mkuu yule alikuwa akimgongea mlango usiku. Alivumilia majuma mawili akiegemeza kabati mlangoni. Usiku ambao kabati halikutosha, alitokea dirishani, na asubuhi akashika njia ya kwao.

"Lakini nilisema mniandikie," nikamwambia. Nasikia aibu kuandika kwamba hilo ndilo lililonitoka.

"Barua ilitakiwa ipitie mkononi mwake, Mwalimu." Akanyamaza kidogo. "Nikafikiri ukikaa bila kupata barua yangu, utakuja."

Yeye aliamini kwamba kimya chake kilikuwa kinapiga kelele. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo, na mimi niliyewafundisha wengine methali nikashika msemo wa kigeni. Nilijitolea kumrudisha chuoni. Alinishukuru kwa adabu, akasema watoto wake na meza yake ya khanga vinamtosha. Niliandika taarifa kwa waliohusika. Mtu yule alikuwa amehamishwa zamani, na jibu sikupata. Hapo pia palikuwa na waya uliokatika, lakini mwisho wa pili.

Kuanzia mwaka uliofuata nilifuta agizo la muhuri. Kila mwanachuo alipewa kadi sita zenye anwani yangu, moja ya kila Ijumaa, na aliruhusiwa kuandika maneno mawili tu, "Niko salama", na kumpa utingo wa basi au kuitia posta mwenyewe. Wakufunzi walinung'unika. Mmoja aliuliza kuna faida gani kusoma kadi 80 zisizo na habari. Nilimwambia kwamba sizisomi, nazihesabu. Zikiwa 79 najua gari la chuo liende wapi. Sikuwa nimesikia habari za miliampea 4 wakati huo, na laiti ningesikia mapema, kwani mtego uliokuwa katika agizo langu la kwanza ni uleule wa waya unaoanzia sifuri: nilidai habari itumwe wakati wa shida, kwa njia ambayo shida yenyewe ingeweza kuiziba.

Alasiri mjukuu alinionyesha kitu cha kunipunguzia majivuno. Ni kisanduku cha kuunganishia nyaya, kilichong'olewa juu ya tangi la molasi. Mfuniko wake ulipoteza mpira, mvua ikaingia, na skrubu zilikuwa zimefanya ukungu wa kijani. Katika msimu ule, alisema, tangi lilikuwa likionekana lina molasi zaidi ya iliyokuwamo, mpaka pampu ikavuta hewa. Walibadilisha transimita, wakabadilisha tena, bila mafanikio. Kumbe maji ndani ya kisanduku yalikuwa yanavusha mkondo kidogo kutoka skrubu moja hadi ya pili, na huo ulijumlishwa na ule wa transimita. Ikitaka kusema 8, skrini ilisoma 10.

"Na kompyuta haikulalamika?" nikauliza.

"Ilalamike nini, Babu? Kumi ni namba halali." Vyombo vya kisasa, aliniambia, vikijigundua vina hitilafu huushusha mkondo hadi 3.6 au kuupandisha hadi 21, nje ya mipaka ya habari za kweli, kama pendekezo la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vyombo hivi ulioanzia Ujerumani. Lakini transimita ile haikuwa na hitilafu. Ilisema kweli, na kweli ikaharibikia njiani. Dawa yake ni shahidi wa pili: kijiti cha kupimia tangi, au kama wafanyavyo kwenye boila nyingi kubwa, transimita tatu juu ya dramu moja, na mtambo unachukua ile ya katikati.

Nilimsimulia habari za kijana wangu mmoja, aliyeandika kadi zake zote sita siku moja na kumwachia rafiki azitie posta kila Ijumaa, huku yeye yuko mjini kwa shemeji yake. Hesabu yangu ilikuwa kamili. Nilimgundua kwa sababu kadi ya juma la nne ilisema huku hakuna hata wingu, na juma hilohilo utingo aliniambia kwamba daraja la kwenda kule limesombwa. Mjukuu alicheka sana, akasema kijana yule angefaa kuwa fundi.

Tangu ziara ile nimeweka kitanzi kimoja nyumbani. Mwalimu mwenzangu wa siku nyingi anaishi peke yake nyumba ya tano kutoka kwangu. Mkewe alifariki, watoto wako mbali. Tulikubaliana anibipu kila usiku saa tatu, nami nisipokee. Haimgharimu senti na haisemi chochote. Majuma yaliyopita, saa tatu ilipita, simu haikulia. Nikasubiri mpaka saa tatu na robo, nikampigia, sikupata mlio. Nikavaa viatu, nikachukua tochi.

Nilimkuta sebuleni, gizani, anakula ugali kwa mwanga wa mshumaa. Umeme ulikuwa umekatika upande wao tangu mchana na simu ilikufa chaji. Aliniuliza kulikoni usiku ule na tochi. Nikamwambia hakuna kitu, nikanawa mikono, nikaketi.